Maiti Haipigi Kura: Maisha ya Dk. Benjamin Rush, Tabibu na Mwanasiasa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, madaktari wenzangu, wauguzi, na ninyi vijana ambao makoti yenu bado yana mikunjo ya dukani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu daktari anapoingia kwenye siasa. Naona nyuso za wanaotegemea nianze na walio karibu. Dk. Hussein Mwinyi ni daktari wa binadamu na ndiye Rais wa Zanzibar. Ningeweza kuanzia hapo. Lakini walio hai wanajisemea wenyewe, na mimi ni mstaafu, sitaki simu za usiku. Kwa hiyo nimechagua marehemu wa siku nyingi, aliyezikwa Philadelphia mwaka 1813. Huyo hatanipigia.

Jina lake Benjamin Rush. Ni mmoja wa watu 56 waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani. Si tabibu pekee aliyeshika kalamu ile: Josiah Bartlett wa New Hampshire alikuwa tabibu, Matthew Thornton naye, na Lyman Hall wa Georgia pia. Ila Rush ndiye aliyejulikana zaidi kati yao, na ndiye ambaye kazi zake mbili ziliingiliana mpaka huwezi kuzitenganisha. Alikuwa jasiri, alikuwa na huruma, alikuwa na kalamu kali, na hakuwa na shaka hata chembe. Kwenye siasa, mtu asiye na shaka hukutana na wenzake wanaomkatalia, wakapiga kura, akashindwa, akaenda nyumbani. Kitandani kwa mgonjwa, zama zile, hakukuwa na wa kumkatalia. Maiti haipigi kura. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Yaliyobaki ni ushahidi.

Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1745 kijijini Byberry, karibu na Philadelphia, wakati Pennsylvania ni koloni la Uingereza. Baba, fundi wa bunduki, alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Mama, Susanna, akafungua duka la vyakula mjini, na duka hilo ndilo lililosomesha watoto. Benjamin alimaliza chuo kule Princeton mwaka 1760, akiwa na miaka 14. Kisha akawa mwanagenzi wa Dk. John Redman kwa zaidi ya miaka mitano, akichanganya dawa na kufuata nyuma ya mwalimu nyumba kwa nyumba, ndipo akavuka bahari kwenda Edinburgh, iliyokuwa Makka ya madaktari waliozungumza Kiingereza. Akapata shahada yake mwaka 1768.

Tasnifu yake ilihusu mmeng'enyo wa chakula. Alikula mlo, akasubiri masaa matatu, akanywa dawa ya kutapika, akakipima alichokitoa. Akakuta kuna uchachu. Vizuri kabisa! Kisha akahitimisha kwamba uchachu ule umetokana na chakula kuchacha tumboni. Hapo hakupatia. Lakini muangalie kijana yule ameinama juu ya beseni la matapishi yake mwenyewe, halafu mniambie kama ni mvivu. Kosa la Rush halikuwa uvivu hata siku moja.

Edinburgh ilimpa jambo jingine pia. Alikutana na mwanafunzi mwenzake ambaye ukoo wake ulipigana upande wa Cromwell dhidi ya mfalme, na kwa mara ya kwanza akasikia mtu akihoji mamlaka ya wafalme. Mpaka hapo, aliandika baadaye, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Baada ya hapo akashuka London, akaingia Bunge la Mabwana kama mtalii, akakiona kiti cha enzi, akamuomba aliyekuwa akimtembeza amruhusu akikalie. Akaruhusiwa. Akakaa pale muda mrefu, mawazo yakimsonga. Huyo ni kijana wa miaka 22, mtoto wa mama muuza duka, juu ya kiti cha mfalme ambaye miaka minane baadaye atatia saini ya kumkana.

Alirudi Philadelphia mwaka 1769 akapewa uprofesa wa kemia akiwa na miaka 23. Matajiri walikuwa na madaktari wao, kwa hiyo yeye akaanza na maskini. Vijana, sehemu hii sikilizeni. Anasimulia mwenyewe kwamba mara nyingi alipanda ngazi za mbao kufika vyumba vya juu vya vibanda, na kwa kuwa hakukuwa na kiti, alikaa kitandani kwa mgonjwa, akijua wazi kwamba anaweza kuondoka na ugonjwa, au na chawa. Na chawa aliondoka nao, zaidi ya mara moja. Sijui ni wangapi kati yetu tuliokaa hapa mbele tungekubali.

Mwaka 1773 akachapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Baadhi ya wateja wenye fedha wakamkimbia. Nadhani hapo ndipo alipojifunza bei ya maneno, maana miaka miwili baadaye, alipotaka kuandika kijitabu cha kudai uhuru kutoka Uingereza, aliogopa. Hili halipendezi kwenye masimulizi ya mashujaa, lakini ndivyo ilivyokuwa: alianza kuandika, akafikiria riziki yake, akaiweka kalamu chini. Kisha akakutana na Mwingereza mmoja mgeni mjini, asiye na mali wala wateja wa kupoteza, Thomas Paine. Akamwambia: wewe andika. Paine akaandika, akawa anamsomea Rush sura moja baada ya nyingine, na Rush ndiye aliyependekeza jina, Common Sense. Kijitabu kikatoka Januari 1776 na kikawasha koloni zote. Mwezi huohuo Rush akamuoa Julia Stockton, binti wa jaji. Walizaa watoto 13.

Julai akachaguliwa kuingia katika Kongresi ya koloni. Azimio lilikuwa limeshapitishwa. Yeye alikuta karatasi inayosubiri saini, akatia yake tarehe 2 Agosti pamoja na wengine. Miaka 35 baadaye alimkumbusha rafiki yake John Adams jinsi chumba kilivyokuwa kimya siku ile, wajumbe wakiitwa mmoja mmoja mezani kwenda kutia saini kile ambacho wengi walikiona kuwa hukumu yao ya kifo. Ukimya huo, anasema, ulivunjwa na Benjamin Harrison wa Virginia, mtu mnene, alipomgeukia Elbridge Gerry aliyekuwa mwembamba kama ufito: siku watakapotunyonga mimi nitakufa upesi kwa uzito wangu, wewe utacheza hewani saa nzima au mbili. Watu wakacheka kidogo, kisha kimya kikarudi.

Desemba mwaka uleule, jeshi la waasi likiwa hoi, Rush alimtembelea kamanda wake mkuu, Jenerali George Washington, karibu na mto Delaware. Washington alikuwa anazungumza huku kalamu ikichezacheza juu ya vipande vya karatasi. Kipande kimoja kikaanguka sakafuni karibu na mguu wa daktari. Akakisoma: "Ushindi au Kifo." Baadaye akagundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maneno ya siri ya usiku wa kushambulia Trenton. Daktari mzuri huona vitu vidogo, na Rush aliona vizuri mno. Shida haikuwa macho.

Mwaka 1777 akateuliwa kuwa mganga mkuu wa jeshi katika eneo la kati. Akakuta hospitali zinazoua kuliko bunduki: askari wamerundikwa sakafuni, wamevaa nguo walizougulia, homa ya chawa inatembea kutoka mmoja hadi mwingine. Akaandika mwongozo wa afya ya askari ambao mpaka leo ukiusoma hutauaibikia: oga, fua, kata nywele, kula mboga, usirundikane, usipige kambi karibu na kinamasi. Kisha akamgeukia mkubwa wake, Dk. William Shippen, akamshtaki kwa Kongresi kwamba hospitali zinaendeshwa vibaya na mvinyo wa wagonjwa unauzwa. Kongresi ikasimama na Shippen. Rush akajiuzulu Januari 1778.

Laiti angeishia hapo! Mwezi uleule akamwandikia Patrick Henry, gavana wa Virginia, barua isiyo na jina, akidokeza kwamba jeshi lingefaa lipate jenerali mwingine. Mwishoni akamwomba gavana aichome. Henry hakuichoma, aliipeleka moja kwa moja kwa Washington, naye akautambua mwandiko. Madaktari wenzangu mnajua miandiko yetu: watu hulalamika haisomeki, kumbe siku ya kukuponza inasomeka vizuri sana. Siasa za juu zikamfungia mlango. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Rush, kusema haki, safari hii alikubali. Akarudi kwenye wagonjwa wake.

Kwa miaka kadhaa alifanya mambo ambayo kila moja lingetosha kuwa maisha ya mtu. Alisaidia kuanzisha Chuo cha Dickinson mwaka 1783. Mwaka 1786 alikuwa mstari wa mbele kufungua zahanati ya bure ya maskini Philadelphia. Mwaka 1787 alikaa katika mkutano wa Pennsylvania ulioidhinisha Katiba ya Marekani. Alipigania shule za wasichana, alipinga adhabu ya kifo, alipiga vita pombe kali. Nayapita haraka kwa sababu nataka tufike Agosti 1793.

Wengi wenu mna kile kijitabu cha njano cha chanjo, kile kinachodaiwa uwanja wa ndege. Ugonjwa wake, homa ya manjano, ndio uliofika Philadelphia mwaka ule. Mji ulikuwa na watu wapatao 50,000, nao ndio ulikuwa makao makuu ya nchi. Kiangazi kile meli zilileta wakimbizi kutoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, ambako watumwa walikuwa wamewainukia mabwana zao. Ndani ya meli kulikuwa na virusi, na ndani ya mapipa ya maji kulikuwa na mbu. Mbu mwenyewe mnamfahamu. Ni Aedes aegypti, yuleyule aliyetuletea dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Lakini mwaka 1793 hakuna aliyemwazia mbu. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, atamtaja mwaka 1881, na Walter Reed na wenzake watathibitisha mwaka 1900. Waliokufa Philadelphia hawakuwa na muda huo.

Tarehe 19 Agosti Rush aliitwa kumwona Catherine LeMaigre, mke wa mfanyabiashara, barabara ya Water, karibu na bandari. Alikuta anatapika vitu vyeusi. Alikuwa ameuona ugonjwa huu akiwa mwanagenzi mwaka 1762, kwa hiyo aliutambua na akautangaza kwa jina lake wakati madaktari wengine bado wanasitasita. Alipatia. Kisha akatafuta chanzo, akakuta kahawa iliyooza imemwagwa kwenye gati hapo jirani, inanuka. Akasema: ni hii kahawa. Tumcheke kidogo tu, kwa sababu kahawa ile na mbu wale walikuwa mtaa mmoja.

Watu waliokuwa na uwezo wakakimbia. Washington, sasa Rais, aliondoka Septemba. Madaktari wengi wakaondoka au wakaugua. Rush alimpeleka Julia na watoto kwao New Jersey, yeye akabaki, na akawa anamwandikia mkewe karibu kila siku. Kwa siku alikuwa anaona wagonjwa zaidi ya 100, wengine barabarani akipita na kigari chake. Wanafunzi wake watatu walikufa. Dada yake Rebecca, aliyekuwa anamtunzia nyumba, alikufa. Yeye mwenyewe akaugua, akainuka, akarudi kazini. Nimefanya kazi wakati wa milipuko ya kipindupindu na nimeona watu wanavyochoka. Mwanadamu anayebaki mahali kama pale namwamkia kabla sijamhukumu.

Sasa nihukumu.

Mwanzoni alijaribu dawa za kawaida, magome ya mti wa kwinini, mvinyo, maji baridi. Wagonjwa wakafa. Akapekua karatasi za zamani, akakuta maelezo ya daktari wa Virginia aliyesema kwamba hata mgonjwa dhaifu atolewe uchafu kwa nguvu. Akashika hapo. Akaanza kutoa kalomeli, ambayo ni zebaki, pamoja na mzizi wa jalapa unaoharisha, kwa vipimo vilivyowashtua hata wenzake. Juu ya hapo akatoa damu. Na hapa msifikirie kuumika kwa chuku kama walivyofanya wazee wetu wa pwani, au hijama. Hii ni kufungua mshipa wa mkono kwa kisu na kuacha damu ijaze bakuli, leo, kesho, na keshokutwa. Aliamini kwamba mwili una damu karibu maradufu ya ile iliyomo. Mtu mwenye homa kali, aliyetapika, aliyeharishwa kwa zebaki, ambaye ini limeshaharibika na damu haigandi vizuri, unamtoa lita na zaidi. Wauguzi, ninyi mnajua presha ya mtu huyo itasoma ngapi.

Waliopona akasema wameponywa na dawa yake. Waliokufa, akasema wamechelewa kuja au walitolewa damu kidogo. Mkitaka kumkamata Rush, mkamateni hapo, kwenye hoja isiyo na mlango wa kutokea. Mtu wa namna hii hawezi kukutana na ukweli, hata ukweli ukigonga dirishani kwake usiku kucha.

Wapo waliofanya tofauti, mji uleule, wiki zilezile. Nje kidogo ya mji, kwenye jumba la Bush Hill lililogeuzwa hospitali, tajiri mmoja mzaliwa wa Bordeaux, Stephen Girard, alijitolea kusimamia, na daktari Mfaransa aliyetoka na wakimbizi, Jean Devèze, akatibu. Devèze alikuwa ameiona homa hii visiwani. Alitoa vinywaji, usafi, mapumziko, na hakupenda kutoa damu nyingi. Naye Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, aliugua akatibiwa kwa magome, mvinyo na maji baridi na rafiki yake wa utotoni, Dk. Edward Stevens. Akapona, akaandika gazetini kumsifu. Kumbukeni Hamilton alikuwa kiongozi wa upande mmoja wa siasa, na Rush moyo wake ulikuwa upande wa mpinzani wake, Thomas Jefferson. Basi tiba ikawa chama. Ikafika mahali mtu akiugua, ukitaka kujua atanyweshwa magome au atakatwa mshipa, unauliza kwanza gazeti analosoma. Msishangae sana. Tumeishi miaka ya korona, tumeona.

Lipo la Waafrika wa Philadelphia, na kwa hadhira hii siwezi kulipita. Rush alikuwa rafiki yao. Siku chache baada ya kumwona Bi LeMaigre alihudhuria karamu ya kupandisha paa la kanisa la Waafrika, chini ya miti: Weusi wakawahudumia Weupe mezani, kisha Weupe wakainuka wakawahudumia Weusi. Alifurahi sana, akamwandikia mkewe. Huyohuyo alikuwa ameshamiliki mtumwa, William Grubber. Alimwandikia hati ya kumwachia huru mwaka 1788, lakini uhuru wenyewe ukaanza 1794. Na huyohuyo alisoma mbele ya jumuiya ya wanazuoni makala ya kudai kwamba rangi nyeusi ya ngozi imetokana na ukoma. Alikusudia wema, jamani! Alitaka kuthibitisha kwamba binadamu wote asili yao ni moja. Ukipata mtetezi wa namna hiyo, mshukuru, halafu kaa naye mbali kidogo.

Sasa, kwa kusoma maelezo ya daktari mmoja wa Charleston, Rush aliamini kwamba Waafrika hawapati homa ya manjano. Akawaomba viongozi wao, Absalom Jones na Richard Allen, watoe watu wa kuuguza na kuzika. Wakakubali. Wakaingia nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wamezikimbia. Wakajifunza kutoa damu kwa maelekezo ya Rush, na kwa hesabu yao wenyewe waliwatoa watu zaidi ya 800. Na wakaugua, kama watu wengine. Allen mwenyewe alilazwa. Baridi kali ilipokuja Novemba na kuua mbu, watu wapatao 5,000 walikuwa wamekufa, kama mmoja katika kila kumi. Ndipo mchapishaji Mathew Carey, ambaye mwenyewe alikuwa ameuhama mji kwa muda, akatoa kitabu cha kuwatuhumu baadhi ya wauguzi Weusi kwamba waliiba na kupandisha bei.

Jones na Allen walijibu mwaka 1794 kwa kijitabu chao. Wangeweza kulia tu, na kilio kingekuwa haki. Wao wakafungua rejesta za vifo. Mwaka 1792, wakaandika, watu wetu waliozikwa walikuwa 67. Mwaka 1793, 305. Haya, tuambieni tena kwamba hatuugui. Nirudie, maana watu huwa hawaisikii mara ya kwanza: kati ya watu wote wa mji ule waliojaribu kuijibu nadharia ya daktari kwa hesabu, wahubiri wawili waliozaliwa utumwani ndio waliofanya kazi ambayo wanachuo wa tiba walipaswa kuifanya.

Wa pili kuhesabu hakuwa daktari vilevile. Alikuwa mwandishi wa habari, Mwingereza William Cobbett, mtu wa matusi mazito, mwenye kumchukia Rush kwa siasa zake kabla ya dawa zake. Homa iliporudi mwaka 1797, Cobbett alichukua orodha za vifo, akazipanga karibu na tarehe ambazo tiba ya Rush ilipamba moto, akauliza mbona vifo vinapanda. Hakuuliza kwa adabu. Rush akamshtaki kwa kumkashifu. Tarehe 14 Desemba 1799 baraza la mahakama likampa Rush ushindi: dola 5,000, fedha za kumfilisi mtu. Na jioni ya siku hiyohiyo, mbali na pale, Mount Vernon, George Washington alifariki kwa ugonjwa wa koo baada ya madaktari kumtoa damu mara nne kwa siku moja. Cobbett hakuacha kulitaja hilo.

Kwa hiyo mahakama ilimpa haki Rush, na hesabu ilikuwa upande wa mtukanaji. Ingechukua mpaka miaka ya 1830, Paris, kabla daktari Pierre Louis hajawapanga wagonjwa wa kichomi waliotolewa damu mapema na waliochelewa, akahesabu, akaonyesha kwamba kutoa damu hakusaidii kama walivyodhani. Wakati huo Rush alikuwa amefundisha wanafunzi wapatao 3,000, na wametawanyika nchi nzima na visu vyao.

Dawa zake zilitawanyika kuliko wanafunzi. Mwaka 1803 Jefferson, sasa Rais, alimtuma Meriwether Lewis kwa Rush apate ushauri kabla ya safari ile kubwa ya kuvuka bara mpaka Pasifiki. Wasafiri wakabeba vidonge 600 vya Rush vya kuharisha, ambavyo watu walivibatiza jina la radi. Zebaki haiozi. Karibu miaka 200 baadaye watafiti wa mambo ya kale walikuta zebaki kwenye shimo la choo la kambi moja kule Montana, na kwa hiyo wakajua hasa wasafiri wale walijisaidia wapi. Wapo madaktari ambao hawaachi alama kubwa kiasi hicho.

Nisimalize kama mwendesha mashtaka. Wagonjwa walipompungua kwa sababu ya ugomvi huu, Rais John Adams alimpa kazi ya mweka hazina wa kiwanda cha sarafu cha serikali mwaka 1797, naye akaishika mpaka kufa. Katika Hospitali ya Pennsylvania alisimamia wagonjwa wa akili, waliokuwa wamefungwa kwenye vyumba vya chini vyenye baridi. Alidai joto, vitanda, kazi za mikono, watu wa kuzungumza nao, na akasema wazi kwamba wazimu ni ugonjwa, si laana. Mtoto wake mkubwa, John, afisa wa jeshi la majini, alimuua mwenzake katika pambano la bastola, akili ikamtoka. Baba akampokea katika hospitali ileile. Mwaka 1812 alichapisha kitabu cha magonjwa ya akili, cha kwanza cha aina yake nchini mwake. Ndani yake kuna kutoa damu pia, naam, na kiti cha kumfunga mgonjwa mikono, miguu na kichwa ambacho alikiita kitulizaji. Huruma na kisu mkono mmoja, mpaka mwisho.

Na siasa? Kazi yake bora ya siasa aliifanya akiwa hana cheo. Adams na Jefferson, marais wawili, marafiki wa zamani, walikuwa hawasemezani tangu uchaguzi wa 1800. Rush alikuwa anawaandikia wote wawili. Mwaka 1809 akamwandikia Adams kwamba ameota ndoto: ameona kitabu cha historia ya baadaye, kimeandikwa kwamba wazee hawa wawili walipatana, wakaandikiana barua nyingi, na wakashuka kaburini karibu wakati mmoja. Adams akasema ndoto nzuri, lakini hakuandika. Rush hakuchoka; akabembeleza huku, akabembeleza kule, kwa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 1 Januari 1812 Adams akashika kalamu. Wakaandikiana miaka 14, na wakafa siku moja, tarehe 4 Julai 1826.

Angalieni alivyofanya hapo. Hakuharisha mtu, hakukata mshipa. Alisubiri, akasikiliza, akajaribu tena kwa upole zaidi. Ujuzi huo alikuwa nao siku zote. Kwa nini hakuupeleka kitandani kwa mgonjwa, mimi nadhani ni kwa sababu Adams aliweza kumjibu hapana, na Rush alimheshimu vya kutosha kuisikia.

Aprili 1813 alishikwa na homa. Akaomba atolewe damu, akatolewa. Daktari aliyeitwa baadaye akasita kumtoa tena, mgonjwa akasisitiza, wakamtoa kidogo. Alifariki tarehe 19. Adams, alipomwandikia mtoto wa marehemu, Richard, alisema hamjui mtu yeyote, hai au marehemu, aliyeifanyia Amerika wema wa kweli zaidi ya huyu. Mimi nimelisoma neno hilo mara nyingi na sijaweza kulikubali lote, wala kulikataa. Najua wapo humu walioshikilia upande mmoja tayari, namwona kijana wa safu ya tatu ameinua mkono tangu kwenye zebaki.

Mwenyekiti, kwa ruhusa yako tuanze na yeye.